Suruali ya Fundi Umeme na Shimo la Mwinjilisti

MUULIZE MWINJILISTI

*Anayejibu ni mzee aliyeshona nguo Magomeni kwa miaka 38, na Jumapili akisimama mimbarani. Cherehani ameiacha kwa sababu ya macho. Mimbari bado hawajamnyang'anya.*

Shikamoo Mwinjilisti. Mimi ni fundi umeme, nina miaka 26, naishi Kigamboni. Kazi yangu ni kupanda: ngazi, dari, paa. Sketi haipandi. Jumapili iliyopita niliitwa alfajiri, nyumba imekatika umeme na ndani kuna mgonjwa anayepumulia mashine. Nilipomaliza nilidandia bodaboda moja kwa moja hadi kanisani, niwahi zamu ya kwaya yetu. Suruali ya kazi nilikuwa nayo, juu yake nikajifunga khanga. Mhudumu wa mlangoni akaiona miguuni, akanikalisha benchi la nyuma. Baada ya ibada mzee wa kanisa akanifungulia kwenye simu yake Kumbukumbu la Torati 22:5, inayomkataza mwanamke mavazi ya mwanamume. Nikamwuliza, mzee, na aya ya 11 inayokataza nguo ya mchanganyiko, hiyo suti yako ni ya nini? Akasema nina kiburi. Swali langu si la suruali tu. Nani anaamua sheria ipi ya Musa imekufa na ipi iko hai? Kama zimekufa zote, zinafanya nini kwenye Biblia? Kama ziko hai zote, mbona pale soko la samaki la Feri Wakristo wamepanga foleni ya pweza, ambaye Torati inamkataza?

Marahaba mwanangu. Pole kwa benchi la nyuma. Swali lako ni zuri, ila mzee wa kanisa suti yake huulizwa faragha, si mbele ya watu. Hapo utaniwia radhi, mimi ni mtu wa zamani.

Na kwenye suti yenyewe umemkosa. Kumbukumbu 22:11 inataja vitu viwili kwa majina, sufu na kitani. Suti nyingi za Kariakoo ni poliesta tupu au poliesta na viskosi, na Musa hakuwa na habari nazo. Wayahudi wanaoishika sheria hii hadi leo humpelekea mkaguzi koti jipya, naye hufumua chini ya kola, kwa sababu hapo ndipo fundi huficha kitambaa kigumu cha kusimamisha kola, na huenda kikawa kitani ilhali koti ni la sufu. Nimefumua makola mengi ya makoti ya mtumba kutoka Ulaya. Kitambaa hicho nakijua kwa kidole: rangi ya mchanga, kinakwaruza, na mkasi ukipita kinalia. Kwa hiyo mzee wako ana salama kama suti yake ni ya dukani. Kama ni ya mtumba, tena ya bei, hapo mwambie asiifumue.

Jambo la kushangaza ni kwamba naivera, yaani vazi la juu la kuhani mkuu, katika Kutoka 28 ilifumwa kwa nyuzi za rangi pamoja na kitani, na hizo za rangi wanazuoni wanazihesabu kuwa ni sufu. Josephus, Myahudi aliyeandika historia katika karne ya kwanza, alisema mchanganyiko huo watu walikatazwa kwa kuwa uliwekewa makuhani peke yao. Yaani ilikuwa sare. Raia hashoni sare ya jeshi akaenda nayo sokoni, na ndivyo ilivyokuwa kwa nguo ile. Ukiniuliza mimi, huu ndio ufafanuzi unaoingia akilini kwa fundi.

Sasa tuje kwenye aya yako ya 5. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mwanamke asivae "mavazi yampasayo mwanamume". Neno la Kiebrania lililotumika hapo, *keli*, ni pana kuliko nguo: ni chombo, zana, kifaa, hata silaha. Tafsiri ya Kiaramu waliyoisoma Wayahudi wa kale, ya Onkelos, imeandika silaha. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, aliona hapo desturi za kuabudu sanamu. Wote hao hawakuwa wakipigania suruali, kwa kuwa mwanamume wa Israeli alivaa vazi refu kama kanzu, na mke wake vivyo hivyo. Suruali zinazotajwa katika Torati ni zile za kitani za makuhani, Kutoka 28:42, nazo zilikuwa za kusitiri ndani. Tukitaka kuifuata aya ya 5 kama alivyoishika mhudumu wako, basi tuanzie uani. Niambie ni mwanamume gani wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kwenda bafuni amejifunga khanga ya mkewe, yenye maua na jina la kumsuta jirani. Aya hiyo hiyo inamkataza na yeye. Sijasikia aliyekalishwa benchi la nyuma.

Kipi kinampasa mwanamume na kipi kinampasa mwanamke, hilo kila zama na kila mji wamejiamulia wenyewe. Mwaka 1969, nikiwa na miaka 14, nilikuwa nafagia vipande vya vitambaa kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Operesheni Vijana ilianza Januari mosi mwaka huo, minisketi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Akina dada walileta sketi pindo lishushwe, vijana wakaleta suruali zitanuliwe, na bosi wangu alipata hela nzuri. Miaka michache baadaye vijana wale wale wakarudi wanataka bugaluu, nyembamba mapajani, chini pana kama mwavuli. Tukawashonea.

Lakini mwanangu, mimi si wa kumcheka mzee wako. Nina kisa changu, na nimekaa nacho muda mrefu.

Mwaka 1986 alikuja kibandani kwangu dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Ameshika kitambaa cha kaki, mita mbili, amekikunja vizuri ndani ya gazeti. Alitaka suruali, kwa sababu mwenzake sketi yake ilivutwa na mashine, Mungu akasaidia umeme ukazimwa upesi. Nikamwambia mimi ni mtumishi, sishoni machukizo. Nikamsomea aya ya 5 kwa sauti, mbele ya wateja watatu na kijana wangu wa vifungo. Akakirudisha kitambaa kwenye gazeti. Akasema, "Haya, Mwinjilisti. Basi Mungu atanishikia sketi." Akaondoka.

Masika hayo hayo nilikuwa nachimba shimo la choo nyumbani kwangu Tandika. Hela iliishia njiani kabla ya kununua saruji ya kifuniko, nikalaza bati moja juu na mawe mawili. Mvua ikanyesha siku tatu, udongo ukamomonyoka, bati likateleza, na mbuzi wa jirani akatumbukia akafa humo. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kizaramo, Mwislamu, mtu mpole. Nilimwambia ni mipango ya Mungu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwinjilisti, kitabu chenu hicho unachowasomea watu, hakina neno juu ya mashimo?"

Usiku ule niliwasha chemli nikaanza kutafuta, nikiomba nisikute kitu. Nikakuta. Kutoka 21:33-34: mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa, na mzoga utakuwa wake. Nikaendelea kupekua, vidole vikanirudisha Kumbukumbu 22. Aya ya 8, aya tatu tu chini ya ile niliyomfukuzia yule dada, inasema ukijenga nyumba mpya uweke ukingo darini, asije mtu akaanguka ukawa na damu juu ya nyumba yako. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara ngapi? Jicho lilikuwa linaruka kutoka ya 5 kwenda mbele kama vile ya 8 haijaandikwa.

Mbuzi nilimlipa kwa mafungu matatu. Mzoga ukawa wangu kama sheria inavyosema, na kibudu hali mtu, awe wa msikitini au wa kanisani. Yule dada sikumwona tena.

Tangu hapo, mtu akinifungulia Torati namwuliza sheria hiyo ilimlinda nani ilipotolewa, na wewe leo unamlinda nani nayo. Ile ya ukingo ilimlinda mgeni aliyelala darini. Ya shimo ilimlinda mwenye mnyama. Sisi hatulali darini, lakini tuna makaro yasiyofunikwa Manzese hadi Mbagala, na nyumba za kupanga zenye nyaya uchi zinazoning'inia juu ya ndoo za maji. Wewe unayehakikisha waya wa kwenda ardhini upo na swichi inajikata yenyewe umeme ukivuja, unaweka ukingo. Aya ya 8 unaitimiza ukiwa ndani ya suruali.

Chuoni tulifundishwa kuzigawa sheria katika mafungu matatu: za maadili, ambazo ziko hai, za ibada, zilizotimizwa katika Kristo, na za kiserikali, zilizokwisha na dola ya Israeli. Ni mgawanyo wenye msaada, nami nimeufundisha. Tumeurithi hasa kwa Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, na wanamatengenezo walioanzisha makanisa ya Kiprotestanti wakaupokea. Musa hakuuweka. Fungua Walawi 19 utaona: aya ya 18 ni "umpende jirani yako kama nafsi yako", na aya ya 19, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, ni mifugo, mbegu na nguo za mchanganyiko. Zimelala kitanda kimoja. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alichukua ya Kumbukumbu 6 na hiyo ya 18, akasema katika amri hizi mbili hutegemea torati yote na manabii. Mimi nasikia hapo lugha ya kibandani. Vile viwili ni msumari, nguo nyingine zote zimetundikwa juu yake. Sheria unayoishika kwa namna ya kumwumiza jirani imeshadondoka kwenye msumari, hata ukiisoma kwa sauti nzuri.

Je, tuzing'oe basi? Alikuwepo mtu aliyetaka hivyo, Marcion, mwenye mali kutoka Ponto. Alisema Mungu wa Agano la Kale si Baba yake Yesu, akalikataa Agano la Kale lote. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144, na inasemekana hata sadaka yake nono walimrudishia. Kanisa lilichagua kubaki na kurasa zake ngumu kuliko kuwa na kitabu chepesi.

Na ngumu zipo, sitakuficha. Hata ndani ya sura hii hii ya 22, mwishoni, aya ya 28 na 29, mwanamume aliyemshika msichana akalala naye anamlipa baba fedha hamsini, kisha anamwoa. Watu hueleza kwamba zama zile msichana huyo asingeolewa tena, kwa hiyo sheria ilimlazimisha mhalifu amtunze. Huenda. Lakini mimi nina wajukuu wa kike, na nikiisoma aya hiyo sina tafsiri tamu ya kukupa. Ninachoshika ni kwamba Yesu mwenyewe, alipoulizwa habari ya talaka, Mathayo 19, alisema Musa aliwaruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, lakini tangu mwanzo haikuwa hivi. Yaani ametuonyesha kwamba ndani ya Torati kuna sheria zilizotolewa kwa kuwakadiria watu walivyokuwa, wala si kipimo cha mwisho cha Mungu. Walawi 25 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa, na wenye watumwa kule Marekani waliisoma kwa furaha. Hapo Bagamoyo, mapadre waliofika mwaka 1868 waliwanunua watumwa ili wawaache huru. Biblia ni ile ile.

Kwa hiyo, zamu ya kwaya nenda. Ukipata nafasi, begi lako la kazi liwe na gauni, kwa sababu ya mama yule wa mlangoni ambaye pengine naye alikalishwa nyuma akiwa msichana. Usipopata nafasi, imba na suruali. Na fundi wako mwambie akuwekee kipande cha pili cha kitambaa kwenye magoti, na mfuko wa koleo ukae pajani upande wa mkono unaotumia, usiwe nyuma, utakuchoma ukikaa kwenye bodaboda.

Bwana Yesu asifiwe. Nimeolewa na Mchaga, tunakaa Kimara. Kila Desemba tukipanda Moshi mume wangu anapewa kisusio, supu yenye damu, na anakunywa. Jirani yetu Msabato anasema nguruwe tu ni kosa, sembuse damu, na kwamba damu imekatazwa hata Agano Jipya. Ni kweli?

Amina. Jirani yako anajua Biblia. Matendo 15, mitume walipokutana Yerusalemu yapata mwaka 49, waliamua Mataifa wasitwishwe tohara, ila wajiepushe na vitu vinne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati. Sababu iko kwenye aya ya 21: katika kila mji Musa anasomwa masinagogi kila sabato. Myahudi na Mgiriki walitakiwa wakae meza moja, na meza yenye bakuli la damu isingekalika.

Makanisa ya Mashariki yaliishika sheria hiyo, na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 692 ukaikazia. Huku Magharibi ililegea mapema. Augustino, askofu wa Hippo huku kwetu Afrika, aliandika kwamba siku zake Mkristo aliyeogopa ndege asiyechinjwa akatoka damu alichekwa na wenzake. Sisi wa Dar tunaitimiza bila kujua: mabucha yetu mengi nyama yake imechinjwa na Mwislamu, damu imetolewa. Tuwashukuru.

Mumeo anywe kisusio chake Moshi. Kitimoto naye, Marko 7:19, panaposemwa vyakula vyote ni safi, imemalizana naye. Ila jirani akialikwa kwenu, sufuria ya nguruwe isipikwe siku hiyo, na msimtanie. Warumi 14 yote ni hiyo.

Mwinjilisti, mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa kanisani kwetu Tabata. Tuko 30, riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi. Mwenzetu mjane alikopa shilingi 300,000 za ada na sare, miezi minne hajarejesha kitu. Kwa katiba yetu tulikwenda tukachukua friji. Ndilo analouzia barafu na juisi ya ukwaju. Sasa mmoja wetu anasema Torati inakataza riba, wengine wanasema hiyo ni sheria ya kale. Tusaidie.

Mama mweka hazina, hapa ndipo naona maajabu ya sisi Wakristo. Sheria ya suruali, inayomgharimu binti wa watu, iko hai. Ya riba, inayotugharimu sisi, imekuwa ya kale.

Imekatazwa mara tatu: Kutoka 22:25, Walawi 25:35-37, Kumbukumbu 23:19. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulisema kasisi akikopesha kwa riba avuliwe daraja. Mwaka 1179 mtaguso wa Laterano ukawanyima walaji riba waliojulikana wazi mazishi ya Kikristo. Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, ndiye aliyelegeza, akitofautisha kumkopesha mfanyabiashara anayezalisha na kumkamua maskini. Mimi niko hapo alipo Calvin. Riba ya kikoba inayorudi kwa wanachama wenyewe mnapovunja mwisho wa mwaka, sitaiita kausha damu. Lakini piga hesabu: 30,000 kwa mwezi, miezi kumi riba imelingana na deni. Na Kutoka na Walawi zinamtaja maskini waziwazi. Mwenye duka aliyekopa kuongeza mzigo si sawa na mjane aliyekopa sare. Wekeni mfuko wa pili, wa shida, usio na riba. Vikoba vingine vinao, vinauita mfuko wa jamii, na hautakiwi uwe mkubwa.

Kinachonisumbua zaidi ni friji. Soma Kumbukumbu 24 yote, polepole. Aya ya 6: usichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana umechukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia ni kile kinacholeta chakula ndani. Kwangu ilikuwa cherehani, na najua nilivyolala usiku mmoja nikidhani inachukuliwa. Kwake ni friji. Aya ya 10 na 11: ukienda kudai rehani usiingie nyumbani mwake, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Ninyi mliingia mkachomoa kwenye soketi. Aya ya 17: nguo ya mjane usiitwae rehani. Na aya ya 13, kwa maskini, rehani irudishwe jua likichwa.

Deni bado ni deni, mpangieni alipe kwa kiasi cha barafu anazouza, bila riba ya miezi hiyo minne. Ila friji lipelekeni leo. Tafuteni guta, msilibebe kichwani. Likilazwa njiani, likifika lisimame saa kadhaa kabla ya kulichomeka, na ndoo za ukwaju mwachieni azipange mwenyewe.